Pikipiki Nyuma ya Gari: Safari ya Mwanza na Ukerewe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuwezesha kwenda na kurudi.

Ama baada ya hayo. Wako ndugu walioniuliza kwa nini mtu mwenye gari la kuchukua jamaa yake yote, lenye vitanda na jiko ndani yake, ajitie taabu ya kufunga pikipiki nyuma na kwenda nayo nchi za watu, mfano wa mtu aliyempakia punda juu ya ngamia. Swali lao ni la haki. Ila jawabu lake si fupi, kwa kuwa limeanzia katika jambo ambalo mpaka leo likitajwa nyumbani kwetu mke wangu hunyamaza.

Mwaka 2019, wakati wa masika, tulitoka Shinyanga kwenda Ukerewe kumzuru mjomba wake, aliyekuwa amelala kitandani kwa miezi mingi. Gari letu ni Coaster kuukuu ambalo hapo kwanza lilichukua abiria; tuliling'oa viti, tukatia vitanda vya mbao, kabati, jiko la gesi na pipa la maji. Tulifika Nansio salama, walakini kijiji cha mjomba kiko mbali na barabara kubwa, na njia ya kwendea huko ilikuwa imelowa. Zilipobaki kilomita 6 magurudumu ya nyuma yalizama hata tukaona udongo umefika kwenye ekseli. Vijana waliokuwa mashambani walitusaidia kulikwamua, Mungu awalipe heri, lakini kazi hiyo ilikwisha jua likikaribia kuchwa. Nikasema: turudi Nansio, tutakuja siku nyingine, insha Allah. Mke wangu akataka kwenda kwa miguu. Nikakataa, kwa hoja ya giza na mvua na mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwake. Tena kesho yake alfajiri twalikuwa na kivuko cha kuwahi, na mimi nalikuwa na kazi iliyoningoja. Mjomba alifariki kabla ya mwaka ule kwisha.

Kilomita 6, ndugu msomaji! Nimezipima tena na tena moyoni mwangu.

Basi mwaka huo huo wa msiba nilinunua pikipiki ndogo ya sisi 125, ya namna ile ile wanayoendesha vijana wa bodaboda, nikampa fundi wa kuchomelea vyuma kazi ya kutengeneza keria nyuma ya gari. Watu wakacheka. Lakini jambo lenyewe si jipya duniani. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walitengeneza pikipiki ya kukunja iliyoitwa Welbike, yenye kilo 32 hivi, wakaitia ndani ya kasha na kuiangusha kwa mwavuli pamoja na askari wao. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa gari dogo liitwalo City, na pamoja nalo pikipiki ndogo iitwayo Motocompo, isiyofika kilo 50, ambayo usukani wake hukunjwa ikalala ndani ya buti kama sanduku la nguo. Na hapa kwetu, nani asiyejua Vespa za Unguja? Chombo hicho kilizaliwa Italia mwaka 1946, na jina lake kwa Kitaliano maana yake ni nyigu. Nacho kimepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe mahali ambapo gari haliwezi hata kuingiza pua. Gari kubwa hukufikisha nchini. Chombo kidogo hukufikisha mlangoni. Ndiyo habari yote.

Sasa nataka kusema kidogo juu ya uzito, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tuseme pikipiki ina kilo 110 na keria yake kilo 30, jumla kilo 140. Tuseme mzigo huo unaning'inia mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili za gari pana mita 3. Mtu atadhani magurudumu ya nyuma yameongezewa kilo 140. Sivyo. Yameongezewa kilo 210, kwa kuwa mzigo ulio nyuma ya ekseli hulibinua gari kama watoto wanavyobinua ubao wa pembea, na kilo 70 zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Nayo ya mbele ndiyo yaongozayo. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, akafurahi, kumbe wepesi ule ni wa gari lisiloshika njia vyema. Mimi nililihamisha pipa la maji la lita 100, yaani kilo 100, nikaliweka nyuma ya kiti cha dereva. Na vyakula na vyungu vikafuata. Kadhalika nilifunga taa nyingine juu ya keria, na kibao cha namba pia, kwa sababu pikipiki ilikuwa imezificha za gari. Koki ya petroli hufungwa kila tunapoipakia. Na kama yuko anayefikiri kuilaza pikipiki ndani ya gari kati ya vitanda vya watoto, basi namwomba aache. Mvuke wa petroli na jiko la gesi havikai chumba kimoja.

Kufunga kwake ni mikanda minne ya kukazia, miwili mbele na miwili nyuma, hata springi za mbele zilale kidogo. Kamba ya mkonge hulegea ikilowa na kukauka, na mpira huvutika. Imepokewa na Tirmidhi ya kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache tu na kutawakali; naye akaamrishwa amfunge kisha atawakali. Nami nikajiwekea ada: kila tunaposimama kwa sala, kabla sijatia udhu, nizunguke nyuma nishike kila mkanda na kila nati kwa mkono wangu. Tazama sasa namna ada hiyo ilivyonipotea siku moja tu, na nini kilichofuata.

Tulitoka Shinyanga mwezi wa Septemba mwaka 2025, watu watano: mimi, mke wangu, mwanangu wa kiume aliyetimiza miaka 17, dada yake wa miaka 12, na kitinda mimba wetu, yule aliyekuwa mgongoni mwa mama yake mwaka 2019. Toka Shinyanga hata Mwanza ni zaidi ya kilomita 150, umbali uliozidi ule ambao kwa madhehebu ya Shafi hujuzu msafiri kupunguza sala. Hivyo Adhuhuri na Alasiri tulizisali rakaa mbili mbili, na mdogo wetu akauliza kama mwalimu wake wa chuoni anajua habari hii.

Pale Usagara, njia panda ya kwendea Sengerema na Geita, tulililaza gari, nikamchukua mwanangu nyuma ya pikipiki kwenda Kigongo. Miaka mingi hapo palikuwa mahali pa kungoja: malori, mabasi, wagonjwa, wauza karanga, wote wakitazama kivuko kilichokuwa ng'ambo ya Busisi. Sasa liko daraja la kilomita 3 hivi juu ya ghuba, lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Tulisimama kando tukitazama magari yakipita bila ya kusimama.

Mwanza ni mji wa majabali. Nyumba zimepanda mawe kama mbuzi, na njia za kwendea nyumba hizo nyingine ni ngazi tu. Gari letu tuliliacha Nyegezi katika uwanja wenye mlinzi, na baada ya Alfajiri mimi na mke wangu tukapita mjini kwa pikipiki mpaka Mwaloni, soko la samaki lililoko Kirumba. Huko mzuri ni ule wakati wa mwanzo, kabla jua halijawa kali: magunia ya dagaa, sato wenye kumeta, na sangara, samaki mkubwa asiyekuwa mwenyeji wa ziwa hili bali aliyeletwa na watu katikati ya karne iliyopita, naye akawala furu wengi waliokuwamo. Tulinunua sato watatu. Tuliporudi tukapita Capri Point kukitazama kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013.

Hapa yapasa niseme kweli, ijapokuwa inaidhoofisha hoja yangu. Mjini Mwanza pikipiki yako mwenyewe haina haja kubwa. Bodaboda wako kila pembe, wanazijua njia, nauli yao si nzito, na wengi wao ni vijana wenye kulisha wazazi. Kumpa mmoja wao riziki ya asubuhi ni bora kuliko kuhangaika na chombo usichokuwa na mahali pa kukiweka. Siku ya pili mimi mwenyewe nilipanda bodaboda. Haja ya chombo chako huanza pale mji unapokwisha, katika vijiji vya pwani ya ziwa, magharibi inapoingia na mama wa watu hataki kupanda nyuma ya kijana asiyemjua kwenda njia asiyoijua.

Siku ya tatu tukashika njia ya Musoma. Igoma, kabla ya kutoka mjini, tulisimama kwenye makaburi na mnara wa ukumbusho wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza kutoka Bukoba. Walikufa mamia ya watu, na meli ilikuwa imechukua abiria kupita kiasi chake. Mke wangu alikuwa msichana mdogo mwaka ule. Anakumbuka redio, na anakumbuka wanawake wa jirani wakitoka nje na kulia njiani. Tuliomba dua, watoto wakasoma Fatiha. Kisha tukapanda garini kimya, nami nikawasha moto tukaondoka. Sikuzunguka nyuma. Sikushika mkanda hata mmoja.

Tulipopita Kisesa na kukaribia Magu, yule mdogo, aliyekuwa akichungulia dirisha la nyuma, akasema, "Baba, pikipiki inakataa."

Nikamwuliza, "Inakataa nini?"

"Sijui. Inatikisa kichwa."

Nilisimama kando ya barabara. Nati moja kati ya zile zinazoshika keria kwenye chesi haikuwapo kabisa, na ya pili ilikuwa inageuka kwa vidole. Mkanda wa mbele wa kulia ulikuwa umelegea ukipigapiga upepo. Nyuma yetu, hatua chache tu, kulikuwa na wanafunzi wa shule wakitembea ukingoni, wenye sare na madaftari, na kwa muda wa kilomita zile zote kilo 140 za chuma zilikuwa zikipita karibu na vichwa vya watoto wa wenzetu. Nilikaa chini juu ya jiwe. Fundi wa gereji moja hapo Magu alitutilia nati mpya zenye kufuli zake, na mwanangu akaziwekea alama za rangi nyeupe ili ikigeuka moja ionekane. Tangu hapo kazi ya kukagua tumeigawa: mimi nakagua, naye anakagua baada yangu, wala hatuambiani tuliyoyaona mpaka wote wawili tumemaliza.

Lamadi tulitua kidogo kwa chakula. Ziwa liko karibu na barabara, na maji yake huita. Lakini niliwakataza watoto kuingia kwenye matete, kwa sababu ya kichocho, ambacho wadudu wake hutoka kwa konokono wa majini wakaingia mwilini kwa kupenya ngozi. Udhu tulitia kwa maji ya pipa letu. Yako mengi ya kusema juu ya Lamadi, na lango la Ndabaka la Serengeti liko hapo jirani, ila si safari ya wanyama hii.

Kutoka Bunda tukaacha njia kuu, tukapita Bulamba mpaka Kisorya, na hapo kivuko kikatuvusha kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Kabla ya gari kuingia kivukoni watu wote hushuka, isipokuwa dereva; nasi tulishuka, na mwanangu akasimama kuishika pikipiki ingawa ilikuwa imefungwa. Nilimwona akitazama watu, na mizigo, na baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kivuko cha MV Nyerere kilizama wapi. Nikamwambia si hapa. Ni upande wa pili, kati ya Bugorora na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, na waliokufa walikuwa 228, ilhali chombo kilitengenezwa kwa watu 101. Hakuuliza tena. Nilimwona akihesabu kwa midomo.

Nansio waumini wa msikiti mmoja walituruhusu kulaza gari katika uwanja wao, wakatuletea na maji ya moto. Asubuhi tukaishusha pikipiki. Katika mji wa marehemu mjomba sasa anakaa dada yake, mama mkubwa wa mke wangu, ajuza asiyetoka tena nje ya kiambo chake. Gari tukalipeleka mpaka pale pale penye mti, mahali tulipokwama zamani, na kutoka hapo zikabaki zile kilomita 6.

Safari ya kwanza nilimchukua mke wangu. Napenda kina mama wasikie habari ya baibui, maana sijaiona ikiandikwa: baibui refu na ncha ya mtandio ni vitu vya hatari penye mnyororo na spoki. Alivaa suruali pana chini, akalikusanya baibui lake mbele na kulikalia, mtandio akaufunga ndani ya koti, kisha kofia ngumu juu. Hakukaa upande kama wengi wafanyavyo, bali alipanda kwa kutawanya miguu, akiwa amesitirika kuliko yule anayekaa upande upepo ukamfunua. Na kumpakia mtu nyuma ya kipando ni jambo lenye asili njema katika sira: Mtume (s.a.w.) aliwapakia nyuma yake Ibn Abbas, na Usama bin Zaid, na Muadh bin Jabal, na baadhi ya mafunzo makubwa tuliyonayo yalisemwa juu ya kipando.

Nilirudi kumchukua wa pili. Hapo mwanangu akasema, "Baba, tuwekeni wote kwa mara moja. Sisi wawili na mdogo katikati. Kilomita 6 tu, na huku hakuna polisi."

Nikamwambia mshikaki haufanywi, awepo polisi asiwepo. Tena kofia tunazo mbili tu.

"Basi nipe mimi niendeshe, nimpeleke dada."

Nikamwambia leseni ya pikipiki hana. Aliinamisha kichwa. Kijana wa miaka 17 akikatazwa mara mbili mbele ya dada yake huona uchungu, nami nikaujua uchungu wake, lakini sikuwa na la kumpa. Nikampandisha dada yake nikaondoka, nikirudi nimchukue mdogo, na yeye awe wa mwisho.

Niliporudi mara ya tatu sikumkuta. Mdogo alikuwa kwa mama mmoja muuza mihogo chini ya mti, akala mhogo. "Kaka amekwenda kwa miguu," akasema. "Kasema usimfuate."

Nilimpita njiani, karibu kufika. Viatu ameshika mkononi, kanzu ameifunga kiunoni, anatembea. Nikapunguza mwendo, akanipungia mkono nipite. Aliingia uani kwa mama mkubwa akitiririka jasho, akaamkia shikamoo, akaomba maji. Mke wangu akamwuliza ametumia muda gani.

"Saa moja na dakika kidogo, mama. Njia si mbaya."

Mama yake alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Akaingia ndani kumchotea maji.

Tulikaa kutwa nzima. Mama mkubwa alizishika kofia zetu akauliza kama siku hizi watu wa Shinyanga hutembea na vyungu kichwani. Alimshika kila mtoto uso kwa vidole vyake, kwa kuwa macho yamepungua, na alipofika kwa kijana akapapasa nyayo zake zenye vumbi, akacheka, akasema huyu ndiye wa kwetu. Baada ya Alasiri alituonyesha kaburi la mjomba, nyuma ya michungwa. Mke wangu alikaa pale peke yake muda mrefu. Mimi nilisimama mbali, nikakagua nati ambazo hazikuwa na haja ya kukaguliwa.

Jioni tukarudi kwa namna ile ile, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na kijana kwa miguu. Safari hii sikumwambia kitu. Ila mama mkubwa hakutuacha mikono mitupu. Alitoa gunia zima la machungwa ya Ukerewe, na mtu hawezi kumrudishia ajuza tunu yake. Nililileta peke yake juu ya pikipiki mpaka penye gari, na hapo ukazuka ubishi. Mahali pepesi pa kulifunga palikuwa kwenye keria, juu ya pikipiki, nami nalikwisha kulinyanyua. Mwanangu akasema, "Baba, lina kilo ngapi hilo? Na pale nyuma ni mita moja na nusu." Nikaliteremsha.

Likakaa mbele, miguuni pa mama yake. Na toka Rugezi mpaka Bunda alisafiri magoti yakiwa yamefika kidevuni, akimenya chungwa moja baada ya jingine na kutupasia.